Kupunguza Vyombo vya Nyumbani Kabla ya Kuhama Mtwara Kwenda Mkoa wa Mbali

Familia inayohama Mtwara kwenda Dodoma, Mwanza au Mbeya haina njia nyingine ya kusafirisha vyombo vyake isipokuwa barabara. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, iliyounganisha bandari ya Mtwara na Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Kwa hiyo vitanda, makabati na hata ndoo vitapanda lori, na lori hukodiwa kwa safari nzima: zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dodoma ukipitia Dar es Salaam, na zaidi ya kilomita 1,600 hadi Mwanza. Mwenye lori haulizi thamani ya ulichopakia. Anauliza unataka gari la ukubwa gani, na bei yake inatokana na jibu hilo.

Wengi huanza kwa kufungua kabati na kujiuliza kama bado wanakihitaji kitu hiki au kile. Kwa safari ya namna hii swali hilo halitoshi, kwa sababu ukimuuliza mama mwenye nyumba kama anahitaji sufuria lake la tatu la pilau, atakujibu kwa haki kabisa kwamba siku ya shughuli analihitaji. Swali linalosaidia ni jingine: nafasi itakayochukuliwa na kitu hiki ndani ya lori inagharimu kiasi gani, na kule niendako kitu cha aina hiyo kinanunuliwa kwa kiasi gani? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo, na ndiyo maana unaanza na gari, kisha ndipo unaingia ndani ya nyumba.

Hatua ya kwanza: chagua gari kabla ya kugusa vyombo

Nyumba ya chumba na sebule kwa kawaida huenea kwenye kanta, yaani lori dogo, na nyumba ya vyumba vitatu iliyojaa huhitaji Fuso, lori kubwa zaidi. Zungumza na madereva au mawakala zaidi ya wawili, uwaeleze mji unakokwenda na mtaa wenyewe, kwa sababu gari linaloishia Dar es Salaam na mzigo ukahamishiwa gari jingine litakuvunjia vyombo na kukuongezea gharama ya wapakiaji. Yapo malori yanayoleta bidhaa za madukani Mtwara na kurudi yakiwa matupu. Hayo mara nyingi hukubali bei nafuu kuliko gari unalolikodi makusudi, lakini yana ratiba yake, nawe utalazimika kuifuata. Anayekwenda Njombe, Iringa au Mbeya aulize pia kuhusu njia ya Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo na Songea hadi Makambako, ambayo ni ya lami na humwepusha na mzunguko wa pwani.

Ukishajua gari, pima bodi yake kwa futi kamba, kisha fanya hesabu ambayo watu wengi huiruka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba Fuso lenye bodi ya futi 20 kwa 7 limepatikana kwa shilingi 2,100,000. Sakafu yake ni futi za mraba 140, hivyo kila futi moja ya mraba inakugharimu shilingi 15,000. Seti ya makochi yenye kochi la watu watatu, la watu wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja huweza kula futi za mraba 54, nayo ni shilingi 810,000. Hata kama wapakiaji watafanikiwa kupanga vitu vingine juu yake na gharama ikapungua nusu, bado unalipa zaidi ya shilingi 400,000 kusafirisha makochi ambayo pengine vitambaa vimeshachakaa na sponji imeshalala. Weka bei halisi uliyopewa mahali pa bei hii ya mfano na urudie hesabu kwa kila kitu kikubwa: kabati la nguo, meza ya kulia na viti vyake, kitanda, friji, kabati la vyombo, tangi la maji. Baada ya hapo utaona kwamba vitu vinavyokula nafasi si vingi. Vitano au sita ndivyo vinavyoamua kama utakodi kanta au Fuso, na juhudi zako za kwanza zielekee huko badala ya kutumia wiki nzima kuchambua vijiko.

Kisha chukua kamba na vigingi, uchore uwanjani au sebuleni umbo la bodi ya gari lenyewe kwa vipimo vyake kamili. Kamba hiyo ibaki pale hadi siku ya safari. Mabishano ya mume na mke, au ya wazazi na watoto wakubwa, huwa mafupi zaidi wakati kila mmoja anaona kwa macho kwamba ukiingiza kabati la kona, kitanda cha mtoto hakina pa kukaa.

Kwa watumishi wa umma kuna jambo la kuangalia mapema. Anayehamishwa na mwajiri ana stahiki zake za uhamisho, zikiwemo za usafirishaji wa mizigo, wakati aliyeomba uhamisho mwenyewe hujigharamia. Usikodi lori kwa matumaini ya kurudishiwa fedha kabla hujasoma barua yako na kuzungumza na afisa utumishi, na ukishapewa jibu, litunze kwa maandishi.

Hatua ya pili: soma majira

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina kalenda yake ya fedha, na mwenye kuuza vyombo hana budi kuifuata. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, na wakulima wanapolipwa, vitanda, runinga, makochi na mashine za kushonea hununuliwa haraka hata vikiwa vimetumika. Kitu kile kile kikitangazwa mwezi wa Mei huweza kukaa wiki kadhaa bila mtu kukiulizia. Lakini miezi hiyo hiyo ya neema ndiyo malori yanapotafutwa sana kubeba korosho kutoka vyama vya msingi kwenda maghalani, kwa hiyo anayehama Novemba afunge makubaliano ya gari mapema sana, tena kwa maandishi na kwa malipo ya awali yenye risiti. Anayehama nje ya msimu akubali kwamba atauza kwa bei ya chini, na ajipe muda mrefu zaidi wa kutangaza. Kwa vyovyote vile, wiki sita hadi nane za maandalizi si nyingi kwa familia yenye watoto.

Mvua nazo zina uzito wake, kwa kuwa huku kusini hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko na Kimbunga Hidaya viliharibu barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Anayesafiri katika miezi hiyo apunguze zaidi kuliko mwingine vitu vinavyoharibiwa na maji, yaani magodoro ya zamani, mazulia, makabati ya mbao za kubandika na vitabu, kwa sababu turubai la lori hupitisha maji pembeni hata likifungwa vizuri.

Hatua ya tatu: toa kwanza visivyo vyako

Nyumba iliyokaliwa miaka mingi huwa imebeba vitu vya watu wengine bila wenyewe kukumbuka. Kabla hujapanga chochote, pita nyumba nzima ukiwa na daftari na uandike kila kilichoazimwa, kila kilichowekwa kwako kama amana, na kila kilicho mali ya kikundi. Katika mitaa ya Chikongola, Magomeni, Ligula na Mikindani, akina mama wengi wana vyama vya kusaidiana vyenye sufuria kubwa, mikeka, sinia na viti vya shughuli, na mara nyingi vifaa hivyo hutunzwa nyumbani kwa mmoja wao. Vikabidhi mbele ya mwenyekiti na mweka hazina, vihesabiwe, na kila upande ubaki na karatasi. Ukiondoka bila kufanya hivyo, sinia mbili zilizopotea miaka mitatu iliyopita zitahesabiwa kuwa zimepanda lori lako, na jina ulilojijengea mtaani litaharibika ukiwa mbali usiweze kujitetea.

Wakati huo huo kusanya vyako vilivyo kwa watu. Wapo utakaoona ni vyema uwaachie kabisa. Waambie wazi kwamba umewapa, ili wasibaki na mashaka.

Vitu vya marehemu vinahitaji uangalifu wa pekee. Ikiwa chini ya kitanda kuna sanduku la baba, au stooni kuna cherehani ya marehemu bibi, usiuze wala kugawa hadi ujue kama mirathi imefungwa. Kama msimamizi wa mirathi aliteuliwa na kazi yake haijaisha, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema kitu kiende wapi. Kama mirathi imekwisha na vitu vimebaki kwako kwa sababu tu nyumba yako ndiyo yenye nafasi, waite ndugu kabla ya kuchambua chochote kingine. Kikao hicho hakitakuwa chepesi. Wapo watakaosema hawataki kitu, na wiki ya mwisho wakataka khanga ya mama au kiti alichokalia mzee. Wape tarehe ya mwisho kwa upole, na usiwaharakishe siku ya kwanza. Ninaamini kwa dhati kwamba sehemu hii ya kazi inastahili muda zaidi kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa kabati lililouzwa kwa makosa hununuliwa jingine, lakini khanga ya marehemu ikishachukuliwa na mnunuzi wa njiani hairudi.

Hatua ya nne: pita chumba kwa chumba

Anza na stoo na uani, ambako vitu havina watetezi wengi. Mabeseni yaliyopasuka, ndoo zisizo na mikono, vipande vya bati, majiko ya mkaa yaliyoliwa na kutu na makopo ya rangi yaliyokauka haviendi popote. Chuma chakavu kina wanunuzi wake wanaolipa kwa kilo. Tangi kubwa la maji la plastiki ni jepesi lakini hula nafasi mno, na ni bora liuzwe isipokuwa uwe na vitu laini vya kujaza ndani yake.

Jikoni panahitaji hukumu nyingine. Pwani tuna vyombo ambavyo ni vidogo, vyepesi, na vigumu kupatikana ukifika mikoa ya ndani: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kawa, ungo uliosukwa vizuri, mikeka ya ukindu. Vibebe hivyo. Kwa upande mwingine, mabeseni, madebe, viti vya plastiki na vyombo vya kuhifadhia vyakula vinauzwa kila mji kwa bei inayokaribiana, na kuvisafirisha ni kulipa nauli ya hewa iliyomo ndani yake. Kinu na mchi ni vizito lakini havivunjiki, na lori hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, kwa hiyo kinu kizuri kinaweza kwenda, tena ukikijaza vikombe vilivyofungwa kwa nguo. Sufuria zipange moja ndani ya nyingine, na zile ambazo haziingii katika mpangilio huo ndizo za kwanza kufikiriwa kuachwa. Vyombo vya udongo na vioo vichague kwa idadi ya watu wa nyumbani pamoja na wageni wachache. Seti za zawadi ya harusi ambazo hazijawahi kutoka kwenye maboksi yake zina soko zuri, na watu wengi huona uchungu kuziuza kwa sababu ya aliyezitoa. Mpigie simu aliyekupa umweleze. Mara nyingi atafurahi kusikia zinakwenda kwa bi harusi mwingine.

Sebuleni tumeshazungumzia makochi. Kabati la runinga na meza za vioo pia hupoteza thamani njiani zaidi ya fedha unayookoa kwa kutonunua vingine. Vinyago vya Kimakonde vya mpingo vibebwe, kwa kuwa thamani yake ni kubwa na nafasi yake ni ndogo, lakini vifungwe kwa khanga au blanketi na visiachwe juani wala karibu na mabati ya bodi, maana mpingo hupasuka ukikaushwa ghafla. Jambo hilo hilo linahusu samani zote zilizotengenezwa kwa mbao ambazo hazikukauka vizuri. Zikiwa katika unyevunyevu wa bahari ya Hindi hukaa zimenyooka, na zikifika Dodoma au Singida, ambako hewa ni kavu, viungo hulegea na mbao hupasuka. Kitanda cha mninga uliokauka kitastahimili, tena hufunguka vipande na kula nafasi kidogo, kwa hiyo kinastahili safari kuliko karibu samani nyingine yoyote. Kagua mbao zote kwa chini na kwa nyuma. Zikitoa unga mwembamba au zikisikika tupu ukizigonga, zimeshaliwa, na ukizipakia utapeleka wadudu kwenye nyumba mpya.

Vifaa vya umeme vichunguzwe kutu. Hewa ya chumvi ya Mtwara, hasa kwa nyumba za Shangani na Mikindani zilizo karibu na maji, hula miguu ya friji, nyuma ya jiko na waya za feni kabla kifaa chenyewe hakijaacha kufanya kazi. Bonyeza sehemu ya chini ya friji kwa bisibisi, na kama bati linaingia ndani, liuze friji hilo hapa hapa kwa kusema ukweli. Friji linalokwenda liyeyushwe barafu siku moja kabla, likaushwe, lipakiwe likiwa limesimama, na likifika lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Feni zinategemea unakokwenda, kwani Mwanza na Dodoma utazitaka, lakini Njombe na Mbeya zitakaa stooni.

Nguo zichambuliwe na mwenyewe, si na mtu mwingine kwa niaba yake. Anayehamia nyanda za juu asigawe sweta na mablanketi kwa kuwa hajawahi kuyavaa Mtwara. Na asinunue mapya hapa, kwa sababu mitumba ya nguo nzito ni mingi zaidi huko kwenye baridi. Watoto wapewe boksi moja moja lenye ukubwa sawa, wachague wenyewe vya kubeba, na uamuzi wao uheshimiwe hata kama mtoto amechagua kigari kisicho na magurudumu.

Vitabu ni vizito na hulowa. Vitabu vya kiada vya shule vichunguzwe kwanza, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika mwaka 2024 kwa awamu, na baadhi ya vitabu vya zamani havitumiki tena katika madarasa yaliyokwisha kubadilika. Muulize mwalimu kabla hujampelekea rundo. Picha za familia zilizogandamana kwa unyevunyevu zisitenganishwe kwa nguvu. Zipige picha kwa simu jinsi zilivyo, kisha albamu ziende kwenye mzigo wa mkononi.

Hatua ya tano: vitu vinavyohitaji ruhusa, na visivyopaswa kupakiwa

Mtungi wa gesi usisafirishwe ukiwa na gesi ndani ya lori lililofungwa pamoja na magodoro. Uuze, au umpe ndugu, na ununue mwingine ukifika, kwa kuwa kampuni kubwa za gesi zina mawakala karibu kila mji. Mafuta ya taa, petroli ya jenereta, betri zinazovuja na sumu za shambani nazo zibaki. Sumu za mikorosho zikabidhiwe kwa mkulima anayezitumia zikiwa katika vifungashio vyake vyenye maandishi, wala zisimwagwe uani. Dawa za binadamu zilizopita muda zipelekwe kwa mfamasia umuulize namna ya kuziteketeza.

Mbao, magogo na mkaa ni mazao ya misitu, na kuyasafirisha kunahitaji kibali na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kama una mbao ulizohifadhi kwa ajili ya kujenga, au samani mpya zilizotoka kwa fundi wiki iliyopita, nenda ofisi ya wakala huo iliyo karibu nawe ukaulize kabla ya kupakia, na utunze risiti za fundi. Kwa korosho, zile zilizobanguliwa za kula nyumbani na za kupelekea majirani wapya hazina shida. Korosho ghafi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, na gunia lake likikutwa katikati ya vyombo vya nyumbani litaonekana ni la kangomba, yaani la biashara ya korosho nje ya mfumo huo, hata kama ni la shamba lako mwenyewe. Liuze kupitia chama chako kabla ya kuondoka. Mbuzi na kuku nao husafirishwa kwa kibali cha afisa mifugo, na kwa umbali huu ni huruma zaidi kwa mnyama kuuzwa kwa jirani.

Hatua ya sita: vitoe nyumbani vile ulivyoamua kuviacha

Uamuzi bila kitu kutoka mlangoni haujakamilika. Kila kilichoamuliwa kuuzwa kipigwe picha siku hiyo hiyo mchana, kwenye mwanga, kasoro zake zikionekana, na kitangazwe kwa bei ambayo uko tayari kuipunguza kidogo. Anza na vile vikubwa vitano au sita vilivyoamua ukubwa wa gari, kwa sababu friji au makochi yasipouzwa ndipo mpango mzima unapovunjika. Mnunuzi anayesema atakuja wiki ijayo aweke malipo ya awali na tarehe ya kuchukua iandikwe. Ikipita, kitu kiuzwe kwa mwingine na fedha yake irudishwe. Vitu unavyovihitaji hadi siku ya mwisho, kama kitanda na jiko, viuzwe kwa makubaliano kwamba vitachukuliwa asubuhi ya safari.

Kwa vya kugawa, ndugu na majirani hutangulia, kisha misikiti, makanisa, na vituo vinavyolea watoto. Gawa kilicho kizima. Godoro lililobonyea na chandarua chenye matundu si sadaka, na kumpa mtu kitu cha hali hiyo ni kumwachia kazi ya kukitupa. Uliza kwanza wanahitaji nini. Huenda kituo kikahitaji mashuka na sufuria kuliko runinga.

Kuna njia ya tatu ambayo karibu kila familia hufikiria, nayo ni kuacha vyombo kwa ndugu Newala, Tandahimba au Masasi hadi mambo yatakapotulia. Ninaishauri kwa tahadhari kubwa. Mchwa, unyevunyevu na panya hawajui kwamba kabati lina mwenyewe, na ndugu aliyeliweka katika chumba cha wageni kwa miaka miwili ataanza kulitumia, jambo ambalo halimfanyi mkosaji. Ugomvi huja pale ambapo hakuna aliyesema kama kitu ni zawadi au ni amana. Sema mbele ya mashahidi wawili wa ukoo, na uandike: vitu hivi ni vya shangazi, amepewa, vitu hivi ni amana hadi mwezi fulani, na mwezi huo ukipita bila kuchukuliwa vitakuwa vyake. Usimwachie mtu amana isiyo na mwisho, na usimwachie vitu zaidi ya nafasi anayoweza kukuonyesha kwa mkono.

Hatua ya saba: mzigo wa mkononi

Begi moja lisipande lori kwa hali yoyote. Ndani yake viwemo vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, vyeti vya shule na vya ndoa, hati za viwanja na mashamba, kadi za bima ya afya, kadi za kliniki za watoto, barua ya uhamisho, barua za shule na mkataba wa pango wa nyumba unayokwenda. Ongeza begi la pili lenye nguo za siku saba kwa kila mtu, dawa zinazotumika kila siku, shuka, sufuria moja, sahani na vikombe. Lori linaweza kuchelewa kwa tairi, kwa mvua au kwa daraja, na familia iliyofika Mwanza kabla ya vyombo vyake iweze kulala na kula.

Hatua ya nane: daftari, barua na kupakia

Kila boksi na kila kiroba kiandikwe namba kwa kalamu isiyofutika pande mbili, na daftarini namba hiyo iandikwe pamoja na vilivyomo na chumba kinakokwenda. Mabegi ya shangazi kaja yanafaa kwa nguo na mashuka, na yajazwe hadi juu ili yasilale. Vitu vizito kama vitabu viwekwe kwenye maboksi madogo. Skrubu na boliti za kila kitanda zifungwe kwenye mfuko na mfuko ufungwe kwenye ubao wa kitanda hicho hicho.

Siku chache kabla ya safari nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukachukue barua inayosema kwamba wewe ni mkazi unayehama na kwamba vyombo ni vyako, iambatanishwe na orodha kutoka daftarini. Dereva abaki na nakala moja ya kuonyesha atakapoulizwa njiani, nawe ubaki na nyingine. Picha za kila kitu kikubwa kabla ya kupakiwa zipigwe palepale uani, tarehe ikionekana.

Pakia mchana na si usiku. Vizito na vigumu vitangulie mbele karibu na kichwa cha gari, friji lisimame likiegemea upande, magodoro yatumike kuziba mianya, na vitu vitakavyohitajika kwanza vipakiwe mwisho. Kitu kikibaki nje ya gari, usimruhusu mpakiaji kukisukumiza juu ya vioo: rudi kwenye daftari, uchague kati ya hicho na kingine, na kitakachobaki akabidhiwe jirani uliyemwandaa mapema kwa ajili hiyo.

Makubaliano ya malipo yagawanywe. Sehemu ya kwanza ilipwe gari linapopakiwa, na sehemu kubwa ya mwisho ilipwe kule, baada ya vyombo kushushwa na namba zote kuhakikiwa moja baada ya nyingine mbele ya dereva. Kilichovunjika au kupungua kiandikwe kwenye ukurasa huo huo, na dereva na mpokeaji watie saini kabla fedha haijatoka mfukoni.